Mdhamini

Fomu namba saba, Mfuko wa Biashara Changa,
kurasa kumi na mbili, nakala tatu,
picha mbili ndogo, nyuma peupe.
Swali la nne: biashara yako ina umri gani?
Nikaandika: miezi mitano.
Karani akainua miwani.
"Changa, dada, ni kuanzia miaka miwili.
Chini ya hapo bado ni wazo."

Basi wazo langu lina uzito wa kilo kumi na tisa.
Lina mnyororo wa baiskeli, springi ya pikipiki iliyokufa,
na makali aliyoyachonga Mwaringa kutoka chepe kuukuu
kule Maweni, kwa deni ambalo hajanidai
ila kwa kunitazama.
Unavuta wenzo, korosho inasema ta!
ganda huku, kiini kule,
kizima, na ngozi yake ya kahawia mwilini,
na yale mafuta ya ganda yanashuka mferejini
badala ya kushuka mkononi mwa mtu.

Mkono wa mtu nimeuona.
Mama kabangua korosho miaka thelathini na mmoja,
kwanza kiwandani, na kiwanda kilipofungwa, uani,
kwa jiwe na majivu.
Mafuta yale hula. Ngozi hubabuka, huota, hubabuka,
mpaka inachoka kuota.
Kikombe cha chai ya moto alikikumbatia bila kushika mkono wake,
nasi watoto tukadhani ni ushujaa.

Swali la kumi na moja linataka mdhamini:
mwenye shamba, mwenye hati, mwenye kidole.
Nikamleta Mama, kavaa leso isiyofuliwa hata mara moja,
hati ya ekari moja na nusu ya Kakuyuni
imekunjwa ndani ya mfuko wa unga.
Mezani kimashine kidogo, jicho la kijani.
Akaweka cha shahada. Jaribu tena.
Karani akapangusa kioo kwa ncha ya tai.
Akaweka gumba. Jaribu tena.
Vidole kumi, mizunguko miwili,
foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa.
"Mama huyu," karani akasema kwa upole,
na upole ndio ulioniuma,
"mfumo haumwoni."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia:
ndugu, fungua ukurasa wa sita,
*Eleza tatizo unalokusudia kulitatua,
kwa maneno yasiyozidi mia moja.*
Lile pale. Limekaa kwenye kiti chako cha plastiki,
linafuta vidole kwa leso mpya
kana kwamba kosa ni uchafu.

Sikusema. Nilikusanya nakala zangu tatu.

Kuna bwana wa Nairobi alipiga simu.
Ana pesa, hana haraka, sauti yake ina kiyoyozi.
Anataka asilimia arobaini na tano
na jina la mashine libadilike, halitamkiki, anasema.
Mashine inaitwa Nyevu.
Nyevu ni Mama.

Usiku ule kina Mbeyu na Bi Zeyana
na mke wa Mwaringa, ambaye deni analijua,
wakaketi mkekani wakachanga.
Neno ni lile lile: kwa karani ni umri,
kwao ni kitendo.
Huyu mia, huyu hamsini, yule kilo mbili za korosho
"za mashine yako kufanyia mazoezi."
Tukahesabu mara tatu, kama pesa huzaa kwa kuhesabiwa.
Elfu sita mia nne na hamsini.
Springi mpya peke yake ni elfu nane.

Jumatatu narudi na fomu.
Mama anasema atakuja pia.
Wiki nzima anapaka vidole mafuta ya nazi,
asubuhi, na tena kabla ya kulala,
na mchana nimemkuta mlangoni, mkono juani,
anaugeuzageuza taratibu,
aone kama mistari imeanza kuota.