Mfuko Uliochanika

Ya bati ilikuwa ya baba, rangi yake ya kijani imebanduka,
urefu shubiri na nusu,
bei yake, alivyopenda kusema, mikate miwili.
Ukiipuliza, mbwa wa jirani anainuka.

Ya pili niliinunua mwenyewe
mwaka kiwanda cha soseji kilipofungwa,
wenzangu wakaezeka nyumba kwa kiinua mgongo,
mimi nikarudi na bomba la alumini
refu kama mguu wa meza,
mashimo yamekaa mbalimbali kama nyumba za Leitrim,
kidole cha pete hakifiki bila kubembelezwa.
Dympna akauliza: hili ni la maji ya moto au ya baridi?

Vidole havisimami kwa ncha. Vinalala,
nyama ya katikati ndiyo inayoziba.
Nilijifunza majira ya baridi mazima, jikoni, mboji ikifuka,
pumzi ikiniishia njiani
kama mtu anayesimulia huku akipanda ngazi.
Lakini sauti yake!
Ndogo inakujia usoni.
Hii inakuja kwa nyuma, inakuwekea koti begani.

Nikaileta kwa Geraghty, Jumanne.
Wewe Attracta umekaa pale pako, chini ya saa isiyotembea,
kodiani gotini kama mtoto aliyeshiba.
Banjo mbili, fidla tatu.
Nikapuliza mpaka masikio yakaziba.
Ukaniinamia katikati ya wimbo:
"Fintan, umeanza, au bado unapasha chuma moto?"
Meza nzima ikacheka, bia ya mtu ikamwagika.
Nikatoa ya bati.
Ikapita katikati yako kama wembe kwenye kitambaa,
nawe ukatikisa kichwa: naam, sasa nakusikia,
kwa bahati mbaya.

Miaka sita nikabeba zote mbili.
Mshika mawili moja humponyoka, wanasema.
Mimi hakuna kilichoniponyoka,
nilikuwa tu na mfuko uliochanika.
Nilikutega. Nilingoja uende chooni,
uwashe sigara mlangoni, upate mafua,
nipate wimbo mmoja wa pole, wa chini,
kabla hujarudi na mvukuto wako.

Hukurudi.
Tangu Februari kiti chako kina koti la mtu.

Jumanne iliyopita niliipasha kubwa kwapani,
nikaanza ule wa pole uliouita wa kulaza ng'ombe.
Fidla zikashuka. Banjo zikanyamaza, kwa adabu.
Kila mtu akanisikia.
Nikasikia hata tone la mate likitembea bombani,
kidole cha pete kikichelewa,
na pale juu ya sauti yangu, penye kodiani,
peupe kama ukutani palipoondolewa picha.

Sikutaka kusikika hivyo.
Nikakatiza. Mfukoni, bati lilikuwa na joto la paja langu.
Nikapuliza ile ya haraka uliyoichukia,
juu kabisa, kule ambako hata baba aliogopa kufika,
nikikanyaga sakafu, nikikosea, nikirudia,
kama mtu anayebishana na mlango uliofungwa.
Mbwa wa Geraghty akainuka, akatoka nje.
Hakuna aliyeniambia basi.

Sasa kubwa lipo hapa mezani,
sahani za chakula zinalizunguka.
Usiku nalifuta, naziba mashimo yote sita,
sipulizi.

Kesho ni Jumanne.
Koti limetundikwa mlangoni.
Naona Dympna ameushona ule mfuko,
kwa uzi mweusi, bila kuniuliza,
na ameurefusha: ameupima
kwa lile bomba.