Mgeni Mwenye Masharubu

Alifika kwa treni, Jumapili, amelala
ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani,
barafu imebaki kiasi cha kipande cha sabuni.
Juu yake mwandiko wa kaka Bisigoye, mpishi wa hoteli Kilwa:
*Mpikeni leo leo. Paka asimwone.*

Mama akamnusa mara tatu, chini ya mkia,
kama anavyonusa migebuka ya watu pale Kibirizi
kabla hajataja bei.
"Hajaharibika," akasema.
"Ila masharubu haya, hata shemeji Ntahondi hana."

Kambakoche. Jina tulilijua, sura hatukuijua.
Ziwa letu hutupa kuhe, hutupa sangala,
dagaa wa kuanika mchangani.
Halijawahi kututupia askari mwenye deraya.

Kaka akapiga simu kutoa maagizo:
siagi nusu kilo, krimu,
jibini ya kukwangua, divai nyeupe kikombe kimoja.
Hapo mama akailaza simu kifudifudi mezani,
ikaendelea kuongea na kitambaa.

Tukampasua kwa panga la michikichi.
Mawese ya Simbo yalikuwa yameganda,
mama akaipiga chupa kitakoni hadi ikakubali.
Yakayeyuka, yakachachatika. Kitunguu.
Nyanya chungu mbili. Ile pilipili ndogo yenye kiburi.
Kisha maziwa ya Kasulu yaliyolala usiku kucha,
na utando wake wote.
"Leo hakuna kuchuja," akasema,
na mchuzi ukashika rangi ya barabara
mvua ikishapita.

Gungu watu wana pua.
Ugali wa muhogo ulipoiva tulikuwa kumi na mmoja,
na kambakoche yule yule mmoja.
Mama akaigawa nyama kwa wembe,
kila mtu kipande cha kidole gumba;
mchuzi ndio uliokuwa karamu.
Mlasi wa jirani alinyonya mguu nusu saa nzima,
akatangaza kwamba una ladha ya machozi,
akaomba mwingine.

Usiku kaka akapiga tena.
"Siagi mliweka?"
"Tuliweka," akajibu mama, midomo ingali myekundu.
"Na divai?"
"Mtandao unakatika, mwanangu."
Mtandao haukukatika.

Gamba la mkia tulilisugua kwa majivu.
Lipo jikoni hadi leo, ndani ya kopo,
tunachotea chumvi ya Uvinza,
chumvi ambayo bahari haijawahi kuiona.