Nati ya Juu Kwanza

Karsha, sanaiya ya Nizwa, saa mbili asubuhi,
na bati limeshaanza kualika kwa joto.
Bi Thuwaiba kaliingiza pikapu lake kinyumenyume,
maana, anasema, ya tatu inagoma mpaka jua lipande
na ya pili inanung'unika kama mke mwenza.

Kila Alhamisi hulishusha kutoka Jabal Akhdar,
madumu ya mawardi nyuma, yamefungwa kamba,
gia ndogo, breki kidogo,
mteremko wote ule mpaka Birkat al-Mawz.
Gari linajizuia kwa meno yake lenyewe.
Nani huyafikiria meno yasiyouma?

"Umewahi kubadilisha oili ya giaboksi?"
"Aliyeniuzia kasema hii ni ya maisha."
"Maisha ya nani?"
Akacheka, akaketi juu ya tairi.

Nikajilaza chini, mgongo kwenye kartoni.
Nati mbili: ya chini ya kumwagia, ya juu ya kujazia.
Ami yangu Muhenna alinipiga kibao kimoja tu katika miaka sita,
na kilikuwa cha hili:
nilimwaga kwanza.
Ya juu ikawa imeshikwa na kutu, haitaki spana wala nyundo,
na Nissan ya mtu ikalala siku tatu tumbo tupu,
mwenyewe anapiga simu kutoka Adam
kuuliza mbuzi wake sasa wapande nini.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema ami.
"Mafuta yanazoleka. Lakini utayatia wapi,
nawe hukuuliza kama mlango unafunguka?"

Basi ya juu kwanza.
Imeganda. Nikaipasha moto, nikaipulizia dawa ya kutu,
nikangoja. Shafiqul akaleta bomba la kurefushia spana.
Bi Thuwaiba huku anazungumza,
Kiswahili ambacho hajakisema, ati, tangu dada yake afariki,
na maneno mengine yanamtoka kwa kukwaruza:
"Mama alikuwa nacho, kile... kirefu, cha ukindu,
cha kuchujia tui, kile..."
"Kifumbu," nikasema, uso ukitazama chasisi.
"Kifumbu!" Akapiga paja.
Na nati ikalia mara moja, ikaachia.
Sisemi lolote. Nasema tu iliachia.

Ndipo nikafungua ya chini.
Ikatoka nyeusi, nzito, kama halua iliyosahauliwa motoni,
na ile harufu ya kiberiti inayoingia kooni ikakaa.
Sumaku imeota manyoya: unga wa chuma, wa kijivu, laini.
Nikausugua kwa vidole viwili, nikitafuta vipande.
Hakuna.
"Vumbi tu," nikamwambia. "Meno yapo."
Akajigusa taya.

Tini ya difu nikaisukuma kando kwa mguu.
Ndani ya sanduku hili mna pete za shaba ya njano,
na shaba huliwa taratibu na kiberiti kikali.
Wengi hawajui. Au wanajua, na tini ile ni rahisi.
Nikachukua ya pili, rangi ya asali ya mgunga,
nikapampu kwa mkono, polepole,
mpaka tundu la juu likaanza kulengwalengwa machozi.
Kidole ndani, ukunje: kikirudi kimelowa, imetosha.
Zaidi ya hapo ni kulisha sakafu.

Nilipotoka chini akanimiminia mawardi mikononi,
kofi tele, kama niko harusini.
Harufu ya kiberiti haikutoka.
Ilipata jirani.

Akalitoa getini. Nikasikiliza ya kwanza, ya pili.
Ya tatu sikuisikia.

Shafiqul akauliza kifumbu ni nini.
Nikalitafuta kwa Kiarabu, likanipotea,
basi nikamwonyesha: mikono miwili,
nikiukamua upepo,
na mafuta yakidondoka.