Siku Mbili za Kumkausha Korom

Tulimwogesha Jumatatu.
Leo Jumatano, jua la adhuhuri, bado anachuruzika,
na kila anapopita sakafuni anaacha kijito
ambacho mama mkwe anakifuata kwa dekio, akinung'unika.

Puli haoshwi kama mbwa wa watu.
Unamkamua, msokoto mmoja mmoja,
kuanzia mgongoni hadi nchani,
kama anayekamua kamba ya kisima.
Nilijaribu kuihesabu misokoto yenyewe,
nikafika mia tatu na kitu, akapiga chafya, nikapotea.
Ni myeusi, lakini si weusi wa wino:
juani unageuka kutu,
mbavuni una kijivu cha jivu la juzi.
Ndiyo maana Ambrus, babu wa mume wangu,
akamwita Korom, masizi.

Mbele wapi, nyuma wapi?
Wageni hubembeleza mkia wakidhani ni kichwa.
Macho yapo. Ukifungua pazia unayakuta,
kahawia, makavu kabisa,
yakikukagua kama karani wa forodha.

Wasomi wa mjini wanalo la kusema juu ya asili yake:
kwamba mababu zake waliandamana na wapanda farasi
kutoka mashariki, miaka elfu na ushei.
Ambrus alikuwa na lake.
"Si sisi tuliomleta mbwa.
Mbwa alikuwa nyuma yetu, akituuma visigino,
mlima baada ya mlima,
mpaka tukafika pasipo na mlima, majani tu,
akalala.
Nasi tukaketi, tukapaita kwetu."

Mweupe wa usiku, mweusi wa mchana:
hiyo ndiyo kanuni ya nyika ya Hungaria.
Komondor, jitu jeupe, alinde gizani,
asije akapigwa risasi kwa kudhaniwa mbwa mwitu.
Puli mdogo achunge juani,
doa moja linalokimbia kati ya kondoo wa kijivu,
mchungaji alione kutoka mbali, ameegemea fimbo yake.

Kimo chake kinazidi goti langu kidogo tu.
Lakini nilimwona, mwaka wa mafuriko,
kondoo wamesongamana darajani, hakuna wa kwenda wala wa kurudi:
akaruka, akatembea juu ya migongo yao
kama mtu anayevuka mto kwa mawe,
akatua ng'ambo, akamwambia kondoo wa mbele neno moja.
Daraja likafunguka.

Tabia? Mjuaji.
Ukimwita mara ya kwanza, anafikiri.
Mara ya pili anakuja, ila kwa kuzunguka banda,
ionekane alikuwa na safari zake huku.
Alimpenda mtu mmoja.
Sisi wengine alituhesabu.

Kondoo waliuzwa Machi.
Ambrus akachukuliwa na bintiye, Szeged,
ghorofa ya nne, mbwa marufuku.
Juzi wifi yangu Piroska akaja na mkasi:
"Huyu ni zulia la mlangoni. Mnyoeni, apumue."
Nikasema tumwoshe kwanza, tuone.

Tukaona.
Unyoya wa bata bukini. Miiba. Mabuwa ya ngano ya mavuno mawili.
Na chini ya kwapa la kushoto, kimesokotwa ndani kabisa,
kifungo cha pembe cha koti la Ambrus,
kile alichokitafuta majira yote ya baridi
akimtuhumu kila aliyeketi mezani, mimi zaidi.
Piroska alikishika kwenye mwanga wa dirisha.
Kisha akaurudisha mkasi kwenye droo
na kuuliza kama kuna taulo nyingine.

Sasa ni jioni. Korom, hajakauka,
anatukusanya jikoni mmoja mmoja
kwa bega lake lenye maji:
mama mkwe na dekio, Piroska, watoto, mimi.
Anazunguka meza. Anazunguka tena.
Halafu anakwenda kusimama mlangoni, akitazama barabara,
tone, tone, kwenye kizingiti,
na ukimwita
anafikiri.