Gauni la Mjane wa Stesheni

Jumanne walibandika tangazo mlangoni pa ukumbi,
karatasi moja, gundi ya uji wa muhogo:
kuanzia Ijumaa hii Mjane ataigizwa na Naigaga Prosi.
Hawakuandika kwa nini. Hawakuandika pole.

Hajati Zamu alilisoma mara mbili, miwani juu, miwani chini.
Miaka tisa, akasema, miaka tisa ninalia palepale,
treni ikipiga honi, Kagoya akikaa juu ya sanduku,
mimi na leso yangu.
Sasa nitalia wapi?

Batuwa mchomea vyuma,
anayejua mchezo wote hadi kikohozi cha mpiga ngoma,
aliapa hatakanyaga. Kisha akanunua tiketi mbili,
ili nione, akasema, atakavyoharibu.

Mwalimu Isabirye alikuja na hesabu zake.
Kabla ya wimbo wa mwisho Kagoya hunyamaza sekunde kumi na moja;
amezipima, zimo kwenye daftari la mahudhurio la darasa la sita.
Mtoto huyu ana miaka ishirini na miwili.
Sekunde kumi na moja atazitoa wapi?

Na uvumi haukungoja chapati igeuzwe:
Kagoya kaolewa Juba.
Kagoya kagombana na meneja kwa ajili ya nauli.
Kagoya koo limekauka, daktari wa Kampala kamkataza hata kuita kuku.
Mimi nilinyamaza. Mimi ndiye ninayeshona.
Nilichojua ni kiuno chake.

Gauni lilinifikia Jumatano ndani ya gunia la sukari,
zambarau iliyopauka, lina jasho la watu wazima.
Kazi: kupunguza.
Nikafumua ubavu, wembe na subira,
nikakuta uzi mweusi, wangu, wa mtoto wake wa kwanza;
uzi wa bluu, wangu pia, wa mwaka ule kumbi zilipofungwa
akarudi amenenepa, nasi sote tumenenepa;
na chini kabisa uzi mwekundu
ambao si wangu, mshono wa mkono, wa haraka,
wa mtu anayeitwa jukwaani.

Nangobi.

Mjane wa kwanza. Alituachia miezi minne tu, tukamfanya malkia.
Na jioni Kagoya alipotoka badala yake
Hajati alisonya, msonyo mrefu, ukafika safu ya nyuma.
Batuwa alizomea. Na mimi,
mimi niliinuka katikati ya wimbo, nikaenda kununua njugu,
sikurudi hadi treni imeondoka.

Nilimkumbusha Hajati.
Akasema hajui ninaongea nini,
Nangobi anayemjua yeye anauza rangi za nyumba.

Ijumaa. Umeme, unaozaliwa mtoni hapahapa Jinja,
ulitukatikia kabla ya treni kufika.
Jenereta likakohoa, taa zikarudi za manjano,
na Naigaga hakukaa juu ya sanduku.
Alilibeba. Alisimama nalo
kama mtu asiyeiamini sakafu.
Safu yetu ikaguna. Mwalimu akaangalia saa.
Nne. Sekunde nne, akaanza.

Haikuwa sauti ya Kagoya.
Ilikuwa nyembamba, ina mchanga kidogo,
na kwenye neno "rudi" ilivunjika,
kwa kusudi au kwa woga, sijui.
Batuwa alikuwa amefungua mdomo ili azomee.
Ukabaki wazi.
Hajati hakulia. Leso aliitoa,
akaikunja, akaikunjua, akaikalia.

Nje, kwenye moshi wa mishikaki, wakatoa hukumu:
bado, bado sana, hajafika hata mlangoni.
Nne tu, akasema Mwalimu, nne!
Lakini nilimwona akiziandika.
Na Batuwa akauliza, kama anayeuliza bei ya misumari,
kama Ijumaa ijayo kuna viti.

Mimi macho yangu yalikuwa kiunoni.
Lilimkaa vizuri. Hakuna aliyejua
kwamba kitambaa kilichozidi sikukikata.
Kimelala ndani, ubavu huu na ule,
upana wa vidole vitatu,
juu ya ule uzi mwekundu.