Namba Kumi na Mbili Haipo

Nyumba ina harufu ya rangi na mbao mbichi.
Milango inafunga kwa adabu, mabomba bado hayajajifunza kulia,
na ukutani, karibu na soketi ya umeme,
kuna kisanduku cheupe, kitupu,
kinachoitazama sebule bila kuiona.

"Anwani yako haipo," anasema kijana wa kampuni.
Nimesimama ndani yake, namwambia. Nimeshika fremu ya mlango.
"Kwenye mfumo, mama. Kwenye mfumo haipo."
Basi natoka nje kuhakikisha:
Maes y Gerddi, namba kumi na mbili, matofali mekundu,
ndoo ya mchanga waliyoisahau wajenzi,
na mvua ya Wales inayolipiga paa letu
bila kuuliza kama limesajiliwa.
Mvua imetupata. Tarishi ametupata.
Bili ya halmashauri ilitupata kabla ya mapazia.

Tumepigwa kalenda tangu Februari.
Tarehe tisa. Kisha ishirini na tatu,
kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana,
nikakaa dirishani kama anayengoja posa,
chai ikapoa, gari la fundi likapita,
likageuza mwisho wa barabara, likapita tena.
Wajenzi wanasema ni kampuni.
Kampuni inasema ni wajenzi.
Na muziki wao wa kusubirisha sasa
mwanangu huulalia.

Geraint yuko kwenye mtambo wa mafuta, Bahari ya Kaskazini.
Chuma juu ya maji, upepo wa kung'oa kofia na kichwa chake,
na huko intaneti inamiminika, anatazama raga bila kukwama.
Mimi niliye nchi kavu,
mwenye deni la nyumba la miaka thelathini na mitano,
namfikia vipande vipande:
mdomo umefunguka, neno liko njiani,
uso umeganda kama picha ya pasipoti.
"Umesema nini?"
"Nimesema—"
"Nini?"
Ndoa yetu, miezi hii, ni nini na nini.

Ng'ambo ya ua anaishi Eluned, nyumba ya mawe,
aliyeandika barua tatu kupinga mtaa wetu usijengwe.
Palikuwa na kwale hapa, huniambia kila tukionana,
akinyoosha kidole kwenye jiko langu.
Machi alikuja na buti zake za matope,
akanipa trei ya mayai. Juu ya kifuniko
aliandika nywila: jina la kuku aliyekufa, kisha mwaka wake.
"Usishushe sinema," akaonya. "Na usiwaambie wa namba kumi na nne."

Mtandao wake hauvuki kuta zetu mpya.
Zimejazwa vizuri mno, hazipitishi baridi wala habari.
Unafika kwenye banda la kuku, hatua mbili zaidi, basi.
Kwa hiyo kila jioni saa moja nasimama pale,
mkono mmoja juu na simu, mwingine kwa Mabli,
kuku wakinung'unika kama abiria waliocheleweshwa.

Na Jumanne ile, bila kutangaza,
Mabli aliliachia koti langu.
Hatua moja. Ya pili, kwenye kinyesi cha kuku. Ya tatu.
Akamkamata jogoo mkia, wakaanguka wote wawili.
Kwenye kioo Geraint hakusogea.
"Umeganda?" nikauliza. "Geraint? Umeganda tena?"
"La," akasema.
Kisha hakusema kitu, na picha ilikuwa safi kabisa.

Julai fundi alikuja kweli, mtu mpole, jina lake Tegid.
Akasukuma waya kwenye bomba la chini ya njia,
ukaenda mita nne ukagoma.
Akachimba. Bomba limejaa zege, gumu, nyeupe,
mtu aliosha toroli lake humo akaenda zake nyumbani.
Tegid akalipiga picha kutoka pande tatu,
akapangusa magoti, akanipa tarehe.

Sikuwa na karatasi karibu.
Nimeiandika kwenye kifuniko cha trei,
chini ya jina la yule kuku.