Kisanduku cha Mvua

Chumba cha nyuma, Katindo.
Ukuta ni mawe meusi ya mlima, yale yale
yaliyoshuka yakichemka yakala nyumba ya mama,
tukayapasua kwa nyundo, tukajengea hii.

Nafungua mashine. Betri asilimia arobaini,
umeme umekwenda tangu saa sita.
Kioo ni kiwanja kitupu.
Naburuta kisanduku: picha. Naburuta kingine: sauti.
Kati yao navuta waya mwembamba wa kijani
na ziwa linaanza kupumua,
wala sijaandika hata mstari.

Kyakimwa anachungulia begani: "Kaka, unacheza?"
Na mtengeneza chukudu, je, yeye hachezi?
Mti wa mkaratusi, springi ya lori lililokufa,
raba ya tairi kuu la zamani,
kila kimoja kilikuwa na kazi yake kwingine,
leo vinateremka pamoja kutoka Kibumba
na magunia sita ya viazi.

Shule inataka ramani inayosema.
Gusa Birere, usikie vitenge vikipiganiwa bei.
Gusa Himbi –
Himbi sina kitu. Nahitaji mvua.

Natafuta ghalani, kwenye visanduku vya zamani,
nakuta: *Mvua juu ya bati. Kazi ya Musavuli.
Tumia utakavyo. Waya mwekundu usikate.*

Musavuli. Tangu Januari simu yake haiingii.

Nakifungua. Ndani kuna visanduku vinne,
ndani ya cha tatu, viwili vidogo:
kimoja kinapunguza upepo,
kingine hakina jina, kinashikiliwa na ule waya mwekundu tu.
Fundi yeyote angekiita takataka.
Nakiunganisha na Himbi jinsi kilivyo.

Matone. Kisha bati lote.
Kisha, sekunde ya tisa, chini ya mvua,
kikohozi, na sauti yake, si kwetu,
kwa mtu wa chumba kingine:
"Leta beseni, inavuja huku!"

Asilimia sita. Nahifadhi.
Nanakili kwenye flashi, na kwenye flashi ya pili;
kesho madarasa manane yataguswa na vidole vya wino
na mara nane ataomba beseni.

Kyakimwa hasemi kitu.
Ameinua uso, anakagua bati letu,
na nje vumbi, hata wingu hakuna.